Nani Alipie Uzamivu wa Fizikia?

Ukitaka kumwona ofisa wa bajeti akivua miwani, mwombe fedha za kumsomesha mtu shahada ya uzamivu ya fizikia. Dawa anazielewa. Madawati anayaelewa, na barabara ndiyo usiseme. Lakini miaka minne ya posho kwa mtu mmoja anayepaka kioo utando usioonekana kwa macho, katika nchi ambayo shule za kata, za Kisarawe zikiwamo, zinahangaika kupata walimu wa sayansi? Atauliza swali la haki kabisa: nchi inarudishiwa nini?

Swali hilo sasa halikwepeki. Tangu 1977 sehemu nzito ya gharama za kulea watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, imebebwa na Sweden kupitia misaada yake. Kwa fizikia palikuwa na mkono wa pili kutoka hukohuko: Chuo Kikuu cha Uppsala, ambacho mwaka 1961 kilianzisha mpango wa kuzisaidia nchi zinazoendelea katika sayansi za msingi, na kikaanzia na fizikia. Desemba 2025 serikali ya Sweden ilitangaza kwamba inafunga ushirikiano wake wa maendeleo na Tanzania na nchi nyingine nne, ili fedha zaidi ziende Ukraine. Basi bili inarudi nyumbani. Ama Hazina inaichukua, ama Mlimani watapunguza wanafunzi kimyakimya, mwaka hadi mwaka, mpaka siku moja mtu ashtuke kwamba maprofesa wanastaafu na hakuna wa kushika nafasi zao.

Msimamo wangu niuseme mapema: serikali ilipe, na gharama yenyewe ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Ila hoja zinazotolewa kila mara kuitetea fizikia ni dhaifu, na ndizo zinazoiangusha.

Ya kwanza ni ile ya jukwaani: sayansi ni injini ya maendeleo, tazameni Korea, tazameni China. Ofisa wetu ameisikia tangu akiwa sekondari. Haimwambii kwa nini fizikia na si uhandisi, kwa nini uzamivu na si stashahada, kwa nini Dar es Salaam na si Beijing kwa ufadhili wa Wachina wenyewe.

Ya pili imevaa suti. Inachukua gharama ya kumsomesha mtu, inailinganisha na mshahara atakaoupata, na tofauti inaitwa faida ya elimu. Kuanzia miaka ya 1970, na hasa miaka ya 1980, George Psacharopoulos wa Benki ya Dunia alikusanya hesabu za namna hiyo kutoka nchi nyingi, na jibu lilijirudia: fedha ya shule ya msingi huzaa kuliko fedha ya chuo kikuu. Kwa Afrika jibu hilo liligeuka sera. Wakati wa marekebisho ya uchumi vyuo vikuu vya umma viliachwa vikonde, maktaba zikaacha kununua majarida, na vifaa vya maabara vikawa vya kumbukumbu. Mwaka 2000 jopo lililoitishwa na Benki hiyohiyo pamoja na UNESCO lilisema elimu ya juu ilikuwa imepuuzwa mno. Mwaka 2021 Benki iliidhinisha dola milioni 425 kwa Tanzania kwa ajili ya mradi wa HEET, unaolenga elimu ya juu kwa mageuzi ya kiuchumi. Mkopo, bila shaka. Benki haziombi radhi, zinakopesha upya.

Kasoro ya hesabu ile ni kwamba inapima kile ambacho msomi anatia mfukoni mwake. Mshahara wa mhadhiri wa chuo cha umma unapangwa kwa waraka wa serikali, haupangwi na thamani ya alichofundisha. Na sehemu kubwa ya faida ya mwanafizikia haimwendei yeye hata kidogo. Inawaendea watu ambao hawatalijua jina lake. Anayeitetea fizikia kwa kuonyesha mishahara ya wahitimu wake amekwisha kushindwa kabla hajaketi.

Kuhesabu vichwa nako hakusaidii. Mwaka 2011 bodi ya elimu ya juu ya jimbo la Texas, Marekani, ilizibana programu zilizotoa wahitimu wasiofika 25 katika miaka mitano, na programu kadhaa za fizikia zikajikuta kwenye orodha ya kufungwa. Texas, yenye mafuta na kituo cha NASA! Fizikia ni somo la wachache kila mahali. Ukiipima kwa idadi ya majoho siku ya mahafali, itashindwa na biashara na sheria leo, kesho na keshokutwa.

Faida yenyewe iko wapi, basi? Twende Kibaha.

Kando ya barabara ya Morogoro, pale Misugusugu, Wakala wa Vipimo wana kituo cha kuhakiki matanki ya magari ya mafuta. Kazi yenyewe haina mbwembwe. Tangi linajazwa kwa kipimo kinachojulikana, ujazo wake unathibitishwa, cheti kinatolewa, dereva anaondoka. Lakini petroli hutanuka ikipata joto, kwa takriban sehemu moja ya elfu kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Mzigo wa lita 40,000 ukipimwa petroli ikiwa na nyuzi 35, ukahesabiwa kana kwamba ilikuwa na nyuzi 25, tofauti ni kama lita 400. Kwa bei ya, tuseme, shilingi 2,800 kwa lita, hiyo ni shilingi milioni 1.12 ndani ya gari moja, na hakuna aliyeiba. Sasa nani anasema kipimajoto kile kinasema kweli? Kimelinganishwa na kingine, ambacho nacho kimelinganishwa na cha maabara ya taifa, ambacho nacho kimelinganishwa na cha nje ya nchi, na katika kila hatua kuna kiasi cha shaka ambacho lazima kikokotolewe na kuandikwa. Cheti kisichotaja kiasi hicho mnunuzi wa nje anaweza kukikataa.

Simaanishi daktari wa fizikia akasimame Misugusugu na kipimajoto mkononi. Fundi anatosha, tena fundi mzuri anatosha kabisa. Ninachosema ni kwamba fundi yule alifundishwa na mtu, na mtu huyo alifundishwa na mwingine aliyewahi kukaa miaka akigombana na kosa dogo la kipimo mpaka akajua limetoka wapi. Uzamivu wa fizikia, ukiuondolea joho, ni hicho: mafunzo marefu ya kutokubali namba mpaka ijieleze.

Kibaha inahitaji watu wa namna hiyo kuliko inavyojijua. Kwala kuna bandari kavu na eneo la viwanda. Zegereni kuna kiwanda cha dawa cha Kairuki. Mjini kuna kiwanda cha viuadudu vya kuulia viluwiluwi vya mbu, kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba. Kuna wanaounganisha malori. Na upande wa Mlandizi kuna wanaoyeyusha chuma. Chukua hao wa chuma peke yao. Vyuma chakavu vinaweza kuja na chanzo cha mionzi kilichotupwa kutoka mashine ya zamani ya hospitali. Mjini Ciudad Juárez, Mexico, kati ya 1983 na 1984, kobalti ya mashine ya tiba iliuzwa kama chakavu, ikayeyushwa, ikawa nondo. Nondo zikaingia kwenye nyumba, na mamia ya nyumba yakabomolewa baadaye. Tanzania ina Tume ya Nguvu za Atomiki, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya 2003, kazi yake ikiwa ni pamoja na kuzuia msiba kama huo. Tume ni majengo, vifaa na watu, na watu hao wanatoka idara za fizikia.

Mgonjwa wa saratani wa Vikumburu au wa Soga hupelekwa taasisi ya saratani ya Ocean Road, na tangu 2018 pale kuna mashine za kisasa za kuharakisha chembe zinazotoa tiba ya mionzi. Mashine ile haiwashwi na daktari wa binadamu peke yake. Lazima awepo mtaalamu wa fizikia tiba aliyekokotoa dozi na kuthibitisha kwamba kinachotoka mdomoni mwa mashine ndicho kilichoandikwa kwenye faili. Akikosekana, mashine ya mabilioni inakuwa samani.

Lakini mfano unaonigusa zaidi uko chini ya miguu yetu. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba gesi asilia ya zaidi ya futi za ujazo trilioni 2 imegunduliwa katika bonde la Ruvu, mkoani Pwani, na kampuni ya Dodsal ya Falme za Kiarabu. Mwaka huohuo watafiti wa Oxford na Durham, wakishirikiana na kampuni ya Helium One, walitangaza heliamu katika bonde la Rukwa. Mabomba na mitambo tuyaweke kando, tutazame namna namba kama hizi zinavyopatikana. Ardhi inatetemeshwa, mwangwi unanaswa, kompyuta zinachakata, na mwishowe mtu anakaa mbele ya picha yenye mistari iliyopinda anasema: hapa pana kiasi hiki. Mtu mwingine, kwa data hiyohiyo, anaweza kusema nusu yake. Mkataba wa mgawanyo unajadiliwa juu ya namba hiyo. Nchi isiyo na watu wa kuichukua data ghafi na kuichakata upya kwa mikono yake hujadiliana na mwekezaji kwa takwimu za mwekezaji. Tumeshuhudia mjadala wa makinikia, yaani mchanga wa madini, mwaka 2017, jinsi taifa zima lilivyogombana kuhusu kilichomo ndani ya makontena kwa sababu kila upande ulikuja na vipimo vyake. Shilingi ngapi zinaokolewa na mwanajiofizikia mmoja anayeweza kusema mezani, kwa ushahidi, kwamba hesabu hii imepunguzwa? Siwezi kuiweka namba hiyo kwenye jedwali, na Hazina nayo haiwezi. Lakini kuiandikia sifuri, kama tunavyofanya sasa, ndilo jibu tunalojua kwa hakika kwamba si sahihi.

Sasa tuvuke kwenda Kisarawe, ambako upinzani wa hoja yangu una nguvu zaidi.

Kisarawe si wilaya isiyo na historia ya elimu. Minaki ipo pale tangu miaka ya 1920, shule ya Waanglikana yenye asili yake Kiungani, Zanzibar, na imetoa vigogo wengi wa nchi hii. Lakini mtoto wa Maneromango haendi Minaki. Anakwenda shule ya kata. Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia. Wananchi walichangishwa, wengine kwa kusukumwa na watendaji, na kuta zikasimama. Nchini kote maabara nyingi zilibaki kuta na masinki. Mwaka 2019 wilaya yenyewe, chini ya mkuu wake wa wakati huo Jokate Mwegelo, ilianzisha kampeni ya Tokomeza Zero, na jina lenyewe linakuambia hali ilikuwaje. Kitaifa, katika mtihani wa kidato cha nne wa 2023, kama robo tu ya watahiniwa walifaulu Hisabati. Mzazi wa Maneromango ana haki ya kusema: nipeni kwanza mwalimu wa fizikia hapa, hayo ya uzamivu mtayafanya tukishashiba.

Namheshimu mzazi huyo, lakini mpangilio wake hautekelezeki. Tuliwahi kujaribu kupata walimu kwa njia ya mkato. Katikati ya miaka ya 2000, sekondari za kata zilipofumuka, vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache wakapelekwa darasani, na watu wakawabatiza Voda Fasta. Wengine walikuja kuwa walimu wazuri sana. Lakini hakuna anayetamani kurudi kule, na aliyeumia zaidi ni mtoto wa masomo ya sayansi.

Mwalimu wa fizikia wa Maneromango anatoka Chang'ombe, Mkwawa, Dodoma au chuo kingine. Anayemfundisha pale, kwa taratibu za Tume ya Vyuo Vikuu, hawi mhadhiri kamili mpaka awe na uzamivu. Tufanye hesabu ya kidole gumba. Mhadhiri mmoja anafundisha miaka 25, kila mwaka walimu watarajiwa 100. Hao ni 2,500. Tuseme nusu yao wanaishia benki, kwenye siasa au kwenye biashara ya bodaboda, wanabaki 1,250. Kila mmoja anafundisha wanafunzi 100 kwa mwaka kwa miaka 20: jumla ni milioni 2.5. Kama uzamivu wa mhadhiri yule uligharimu shilingi milioni 120, kila mwanafunzi amegharimu shilingi 48. Utasema hakuwafundisha peke yake. Sawa, gawa sifa kwa wahadhiri 20, shilingi 960. Hesabu hii ni ya kienyeji, nakubali, na namba zake ni za kudhania. Lakini ipunguze unavyotaka, bado hutapata njia rahisi zaidi ya kumfikia mtoto wa Maneromango kwa wingi huo.

Hapa watu huleta habari ya Erasto Mpemba, na kwa kweli inafaa, ila husimuliwa nusu. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona maziwa ya moto ya aiskrimu yakiganda kabla ya yaliyopozwa. Walimu walimcheka. Akaja kuliuliza swali lake Mkwawa, Iringa, mbele ya mgeni, Dk Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia chuo kikuu cha Dar es Salaam. Osborne hakucheka, alirudi akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaripoti kwamba maji ya moto yametangulia kweli, lakini wataendelea kurudia mpaka jibu litoke sawasawa. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja, na jina la kijana wa Kitanzania likaingia kwenye vitabu vya dunia. Nusu inayosahauliwa ni hii: bila mtafiti mwenye maabara na fundi wa kulipwa mshahara, swali lile lingeishia kuwa kichekesho cha darasani. Na Mpemba mwenyewe hakuwa mwanafizikia. Alikwenda kwenye wanyamapori. Mfumo uliweza kulisikia swali lake, lakini haukuwa na nafasi ya kumweka yeye.

Tangu hapo nafasi zilitengenezwa, na inafaa kuona uzamivu mmoja ulivyo kwa karibu. Nuru Mlyuka alisoma kwa mtindo wa kwenda na kurudi kati ya Dar es Salaam na Uppsala. Kazi yake ilihusu oksidi ya vanadi, kitu chenye tabia ya ajabu: kikiwa baridi hupitisha joto la jua, kikipita nyuzi kama 68 hubadilika na kulizuia. Ukikipaka kwenye kioo cha dirisha kwa unene wa sehemu ndogo sana ya unywele, dirisha linajiamulia lenyewe. Tatizo ni kwamba hakuna dirisha la Dar es Salaam linalofika nyuzi 68, na utando wenyewe huzuia mwanga kupita kiasi. Mwaka 2009 yeye na watafiti wenzake, Niklasson na Granqvist, walionyesha kwamba ukichanganya magnesi kidogo, joto la mabadiliko linashuka na mwanga unaongezeka. Mlyuka alirudi Mlimani kufundisha. Hebu tazama majengo ya vioo yaliyopandwa Posta na Kariakoo, kila dirisha na kiyoyozi chake kikinguruma, kisha uniambie kama hilo ni somo la Sweden au la kwetu.

Kinachotakiwa kufanya kazi kama ile hapa nyumbani si cha kutisha, lakini hakivumilii uzembe. Unahitaji chumba kisichopitisha hewa, pampu ya kuinyonya, gesi ya agoni safi, umeme usiokatika katikati ya upakaji, na fundi anayejua pampu inapolalamika. Kipuri cha pampu kikichelewa kwenye mlolongo wa manunuzi ya umma, wanafunzi wote wa kundi lile wanasimama. Wafadhili wengi hupenda kununua mashine, kwa sababu mashine inapigwa picha. Pampu ya akiba na mshahara wa fundi havipigwi picha.

Gharama sasa. Nakisia, na anayetaka abishane na namba zangu. Idara ipokee wanafunzi sita wa uzamivu kila mwaka. Kwa miaka minne watakuwa 24 kwa wakati mmoja. Kila mmoja apewe shilingi milioni 30 kwa mwaka za posho na vifaa vyake: milioni 720. Matengenezo ya mitambo na mafundi, milioni 500. Nusu yao waende nje miezi michache kutumia mitambo tusiyo nayo, kwa milioni 15 kila mmoja: milioni 180. Watahini wa nje, majarida, makongamano: milioni 100. Jumla shilingi bilioni 1.5 kwa mwaka. Samia Scholarship, inayosomesha vijana waliofanya vizuri katika sayansi kidato cha sita, ilianza 2022/23 na bajeti ya bilioni 3. Bodi ya Mikopo hutoa zaidi ya bilioni 700 kwa mwaka. Ninachokiomba ni kama moja ya tano ya asilimia moja ya fedha za Bodi. Na ukitaka kuwapeleka haohao 24 Uingereza, ada peke yake kwa mwanafunzi wa nje katika sayansi hupita pauni 20,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya shilingi milioni 60 kabla hajala wala kulala.

Watatoroka, wanasema. Wengine watatoroka, ndiyo. Lakini mtindo wa kwenda na kurudi una faida hapa: mwanafunzi ameandikishwa Dar es Salaam, familia iko Kimara au Mbezi, tatizo la utafiti liko nyumbani, na Ulaya ni mahali pa kutumia mtambo. Anayetoroka zaidi ni yule aliyepelekwa miaka minne mfululizo akiwa na umri wa miaka 27, kisha akarudi kukuta hakuna pampu. Ukiacha kulipia maabara ya nyumbani, unawalipia watu nauli ya kuondoka.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la ubora. Si kila uzamivu una maana. Zipo tasnifu zilizoandikwa ili mtu apandishwe cheo, zikawekwa maktaba, zikalala. Wasimamizi ni wachache, na uhaba wa maprofesa ulifikia mahali ambapo mwaka 2018 umri wao wa kustaafu ulisogezwa kutoka 60 hadi 65. Kumwaga fedha kwenye hali hiyo bila masharti ni kuzidisha tasnifu za kabatini. Ndiyo maana sitaki fedha hizi ziende kwa mwanafunzi mmoja mmoja kama mkopo. Ziende kwa makundi ya utafiti, machache, kwa miaka mitano mitano, na kila kundi liwe na mteja wa ndani: Wakala wa Vipimo, Shirika la Viwango, Tume ya Atomiki, Ocean Road, shirika la mafuta, shirika la reli. Mteja ashiriki kuchagua tatizo. Asiamue jibu.

Na Kibaha ina somo kuhusu namna ya kupokea mzigo kutoka kwa Wasweden, kwa sababu iliwahi kuupokea. Mwaka 1963 nchi nne za Nordiki, yaani Sweden, Norway, Denmark na Finland, zilikubaliana na Tanganyika kujenga kituo pale Tumbi: sekondari, mafunzo ya wakulima, na kituo cha afya. Kukabidhi kulikuwa ndani ya mpango. Januari 1970 kituo kilikabidhiwa kwa serikali, kikawa Shirika la Elimu Kibaha, chombo cha umma chenye sheria, watumishi na fungu lake. Miezi sita baadaye, Julai 1970, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kikazaliwa upya kama chuo cha taifa. Tazama vilivyoachana. Kibaha ilipewa miaka saba na tarehe ya mwisho. Imepita katika dhiki zote ambazo mashirika ya umma yalipitia, majengo yamechakaa na kukarabatiwa, lakini zaidi ya miaka 55 baadaye shule zinafundisha, Kibaha Sekondari bado ni shule ya vipaji maalumu, na hospitali ya Tumbi imekuwa ya rufaa ya mkoa. Utafiti wa Mlimani haukupewa tarehe. Msaada ulihuishwa awamu baada ya awamu, kwa nia njema kabisa, na kwa sababu ulikuwepo kila mara, hakuna aliyelazimika kuutengea kasma. Mwaka 2006 nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kila moja itumie asilimia moja ya pato lake kwa utafiti. Takwimu za UNESCO za 2013 ziliiweka Tanzania karibu nusu ya hapo, na sehemu ya nusu hiyo ilikuwa ya wageni.

Chombo cha kupitishia fedha kipo. Tume ya Sayansi na Teknolojia ilianzishwa kwa sheria ya 1986, na mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi upo tangu 1995. Kinachokosekana ni mstari wa bajeti wenye jina, usioweza kukatwa katikati ya mwaka ili kununua mafuta ya magari.

Makadirio ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia husomwa Dodoma kila mwaka katika Bunge la bajeti. Wabunge wa Kibaha Mjini, Kibaha Vijijini na Kisarawe wana viwanda, gesi, reli na shule za kata zinazotegemea jambo hili moja kwa moja kuliko majimbo mengi. Wasimame waulize swali fupi: baada ya Sweden kuondoka, shahada za uzamivu za sayansi za msingi zinalipiwa na kasma namba ngapi, na kasma hiyo ina shilingi ngapi?